Kaunta Nyeupe ya Bi Bay

Ndugu zangu wa mtaa wetu, nyinyi mliopita kwangu wiki ya Tet, mwaka mpya wa kwetu, mkakuta jikoni pana ubao mtupu mahali palipokuwa na kaunta nyeupe, leo nawaambia kaunta ilikwenda wapi. Najua mmeshasema mengi. Kuna waliosema nimefilisika. Kuna mmoja, na anajijua, aliyesema nimeiuza kwa siri. Mimi mwenyewe ni bingwa wa kushuku watu, kwa hiyo siwalaumu. Ila nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mseme.

Kisa ni cha nyumba ya jirani zangu, Khiem na mkewe Thoa, hapa hapa St Albans, ugenini tulikohamia, uzio mmoja na mimi. Khiem ni fundi wa mawe, miaka thelathini na minne, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Thoa anauza kwenye duka la dawa pale sokoni. Zamani ungewakuta Jumapili asubuhi, Thoa anachuma mnanaa na mrihani kwenye maboksi ya samaki aliyoyafanya bustani, Khiem anaosha gari lake la kazi huku akipiga mluzi, na mimi nipo dirishani kwenye cherehani yangu, naona kila kitu. Siku za kazi Khiem alirudi jioni akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, kama aliyeangukia gunia la unga. Thoa alimvua koti nje akalikung'uta kwenye uzio, na vumbi likapeperuka mpaka kwenye nguo zangu nilizoanika.

"Nyie, nimefua mimi," nilikuwa nikiwapigia kelele.

"Tunakuongezea poda bure, Shangazi Bay," Khiem alinijibu, na mkewe alicheka mpaka koti likamdondoka.

Tulicheka sote. Vumbi lile tulilifanyia mzaha miaka sita.

Kisha ikaja Julai ile ya sheria. Mnaikumbuka. Kila gazeti liliandika, kila zahanati ilibandika karatasi ukutani, hata kwa lugha yetu: kuanzia tarehe mosi, marufuku kutengeneza, kuuza wala kufunga kaunta na mabamba ya jiwe la kiwandani. Jiwe hilo si la mlimani. Ni mawe yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi, yakabanwa yakawa bamba zuri kama kioo. Likishakaa jikoni halimdhuru mtu. Balaa lipo kwenye kulikata. Vumbi lake ni laini mno, likiingia kifuani halitoki, na mapafu yanafanya makovu mpaka mtu anakosa pumzi akiwa bado kijana. Mafundi wengi waliugua, wengine wakafa. Ndiyo maana serikali ikasema basi.

Khiem alifanya kazi kwa mjomba wake, Hoanh, ndugu wa mama yake. Mjomba Hoanh alimchukua Khiem akiwa na miaka tisa, baba yake alipofariki kule nyumbani Long Xuyen. Akamlea, akamleta huku, akamfundisha ufundi, akasimamia harusi yake. Sheria ilipokuja, Hoanh alitutangazia pale kwenye duka la supu kwamba mabamba yake ya kiwandani ameyarudisha yote na sasa anakata kaure tu, mabamba ya udongo uliochomwa ambayo sheria inayaruhusu. Tulimsifu. Mimi nilimsifu kwa mdomo, lakini machale yalinicheza. Hoanh ninayemjua mimi hawezi kutupa hata msumari uliopinda.

Basi mwezi wa Agosti, Thoa akaja kwangu na shati la mumewe mkononi.

"Shangazi, hebu nusa hii."

"Ninuse nini, jasho la mumeo?"

"Ndiyo shida yenyewe. Halina jasho."

Nilinusa. Kweli, lilinukia sabuni ya machungwa, na wao hawatumii sabuni ya machungwa. Thoa akakaa kwenye kiti cha wateja wangu akaanza kunihesabia. Mumewe siku hizi anarudi saa mbili usiku badala ya saa kumi na moja. Anarudi nywele mbichi, nguo safi, viatu vimefutwa. Hataki tena avuliwe koti. Amehamia kulala chumba cha mbele, eti Thoa anakoroma.

"Unakoroma?" nilimuuliza.

"Shangazi, mimi nalala kama maiti."

"Na mfukoni umepekua?"

Akanitazama kwa aibu. Alikuwa amepekua. Alikuta kitana, na pakiti ya pipi za kifua.

Mimi nikajifanya hakimu. Nilimwambia, na maneno haya nayajutia mpaka leo, kwamba mwanamume akioga kabla ya kufika kwake kuna mtu hataki umnuse, na pipi za kifua ni za kuficha harufu ya pombe aliyokunywa na huyo mtu. Nilimwona akianza kuamini. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia mjuzi.

Tangu siku ile tulikuwa wapelelezi wawili. Thoa alihesabu kilomita za gari kila asubuhi. Mimi nilikesha kusikiliza ukuta. Nilisikia kikohozi chake kule chumba cha mbele, kikavu, cha mfululizo, na kila nilipokisikia nilisema moyoni: amerudia sigara, mwongo huyu. Ukweli ni kwamba Khiem hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Nilijua hivyo, lakini mtu akishaamua kumshuku mwenzake hata kikohozi anakipa tafsiri yake.

Hapa niwaeleze jambo langu mwenyewe, ambalo wakati ule niliona halihusiani.

Wifi yangu wa Springvale alifungiwa kaunta nyeupe yenye mishipa ya kijivu, kabla ya sheria. Kila nikienda kwake ananilazimisha niipapase. Nilikuwa nimeitamani kaunta ile mpaka naiota. Mwezi wa Oktoba nikamwendea Hoanh. Akanionyesha picha kwenye simu.

"Kaure hii, Dada Bay. Nyeupe, mishipa ya kijivu, kama ya kwa wifi yako."

"Kaure gani ya bei hii, Hoanh? Kwingine nimetajiwa mara mbili."

"Dada, unataka kaunta au unataka darasa?"

Akacheka, na kicheko chake kikaishia kwenye kukohoa, akageukia ukutani. Mimi nilikuwa mtu wa kushuku shati la jirani, shuka la jirani, kikohozi cha jirani. Lakini kwa bei ile nilijitia hamnazo. Nilimwambia alete.

Aliyekuja kufunga ni Khiem, peke yake. Bamba lilikwisha kutobolewa tundu la sinki kule kwao, likaletwa pamoja na kipande chake cha katikati. Kufika jikoni, tundu la bomba likawa halikukaa sawa. Ilibidi likatwe upya pale pale.

"Shangazi, navuta mpira wa maji, nikate kwa maji," alisema.

"Maji wapi? Sakafu hii nimeipiga vanishi juzi. Usinilowanishie mbao zangu."

"Basi nikatie barazani. Lakini hata huko maji ni lazima."

"Baraza nayo ni ya mbao, Khiem. Kata haraka haraka tu, tundu lenyewe dogo."

Hakubishana. Kwetu mtu mdogo habishani na mkubwa, mnajua. Alijifunga kitambaa usoni, akakata kavu, barazani kwangu, na grinda ikalia mpaka mbwa wa mtaa wakajibu. Wingu jeupe likainuka. Mimi nilifunga dirisha ili vumbi lisiingie ndani. Alipomaliza alikaa kwenye ngazi, ile ngazi ya pili kati ya tatu, akakohoa muda mrefu ameinamia magoti. Nilimpelekea chai ya limau na asali.

"Acha sigara, mwanangu," nilimwambia.

Alinitazama kidogo. "Sawa, shangazi," akasema.

Kile kipande cha tundu la sinki aliniachia. Nilikiosha, nikakiweka mezani kiwe cha kuwekea birika. Kumbukeni kipande hicho.

Ikafika Januari, joto la kuchoma nyasi, na Tet inakaribia. Tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa mwisho kwa hesabu yetu, Mzee wa Jikoni hupanda mbinguni kutoa taarifa ya kila nyumba, na sadaka yake iwe tayari kabla ya saa sita mchana, la sivyo ataondoka mkono mtupu na kinyongo moyoni. Siku hiyo hiyo ndiyo tunasafisha madhabahu ya wazee wetu. Bakuli la ubani halisogezwi mwaka mzima, hata futa futa inapita kando. Ni siku hiyo tu, na mwenye kuligusa ni mwenye nyumba.

Thoa akaja kwangu saa nne asubuhi, jasho linamtoka.

"Shangazi, Khiem ameniambia nisiguse bakuli. Amesema atarudi mwenyewe alisafishe."

"Si ndiyo kawaida?"

"Amenirudia maneno hayo mara tatu wiki hii. Usiguse bakuli, Thoa. Bakuli usiguse. Kwani mimi mtoto? Na simu yake haipokelewi, na saa ndiyo hizi."

Tulitazamana. Wote wawili tulifikiria kitu kimoja: picha ya mwanamke. Mpaka wazee wa watu anawafanya walinzi wa hawara, nikawaza, na nikavaa ndala kumfuata.

Tulisubiri mpaka saa tano na nusu. Gari halikuonekana. Thoa alinawa mikono, akawasha ubani, akawaomba wazee radhi. Akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili.

Chini yake palikuwa na bahasha iliyokunjwa mara nne, imeungua pembeni kwa majivu. Si barua moja, zilikuwa tatu. Thoa anasoma Kiingereza vizuri, kazini kwake anasoma vyeti vya madaktari kutwa. Alisoma ya kwanza amesimama. Ya pili akaisoma amekaa chini.

"Ni nani huyo?" nilimuuliza. Nilikuwa bado nangoja jina la mwanamke.

"Kliniki ya kifua," alisema. "Machi. Mwaka jana, Machi, kabla hata ya sheria. Walimpima bure, mafundi wote walipimwa. Ana silikosisi, shangazi. Mapafu yote mawili yana makovu. Wamemwandikia asikae tena penye vumbi la mawe hata siku moja." Akaifungua ya tatu. "Na hizi wanamuuliza mbona haendi. Agosti hakwenda. Novemba hakwenda. Wanasema wamefurahi kusikia ameacha kazi."

Alizikunja barua vizuri, kwa mikunjo ile ile. Halafu akasema neno ambalo silisahau.

"Afadhali angekuwa na mwanamke."

Nilitaka kumshika nikashindwa. Niliona haya. Miezi mitano nilimlisha mke wa mtu hawara wa hewani, na mumewe anazama chumba cha mbele, futi tatu kutoka kwenye kichwa changu.

Khiem alirudi saa saba na nusu, nywele mbichi, anahema kwa sababu ya kukimbia kutoka kwenye gari. Aliona bakuli limesogezwa. Aliona barua kwenye mapaja ya mkewe. Akavua viatu taratibu, akaviweka sawa sawa mlangoni, kana kwamba jambo la haraka siku ile lilikuwa viatu.

"Nilitaka kuzitoa leo," alisema.

"Uzipeleke wapi? Chini ya godoro?" Thoa alimuuliza.

"Niliwaachia wazee wanishikie. Kwa muda tu."

"Wakushikie nini, Khiem? Mapafu?"

Kisha akasema yote. Mjomba hakurudisha bamba hata moja. Aliyahamishia banda la nyuma ya gereji moja kule viwandani, akayabandika karatasi zilizoandikwa kaure. Huko ndiko Khiem alikuwa akikata tangu Julai, mlango umefungwa ili sauti isitoke, maji kidogo ili matope yasionekane nje. Jioni anaoga hapo hapo kwa mpira, na sabuni ya machungwa ya mafundi gari, ili mkewe asione vumbi. Chumba cha mbele alihamia ili mkewe asisikie kikohozi.

"Mjomba anajua unaumwa?"

"Anajua nakohoa. Naye anakohoa. Hatuongei habari hizo." Akafuta uso. "Yamebaki mabamba tisa, Thoa. Tisa tu. Yana wenyewe tayari, wanataka kabla ya Tet. Nikimaliza, anafunga banda. Ameniahidi. Mtu huyu alinilisha tangu nina miaka tisa. Nimwambie nini, kwamba nimechoka?"

"Mwambie unakufa."

"Siwezi kumwambia mjomba hivyo siku za Tet."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo penye ugonjwa wetu sisi watu wa hapa. Tunaona aibu kumwambia mkubwa kwamba anatuua.

Jioni ile ile Hoanh akaja mwenyewe, na mti wa machungwa madogo kwenye chungu na boksi la nazi ya sukari. Alitukuta sote watatu jikoni kwa Thoa na hakuna aliyemkaribisha kiti. Thoa alimpa barua ya kwanza.

"Sijui kusoma hiki," Hoanh alisema.

"Nakusomea basi, mjomba. Anaumwa kifua cha mawe. Hakati tena."

Hoanh aliiweka barua mezani, upande wa maandishi chini. "Madaktari wa huku wanatisha watu. Mimi nimekata miaka ishirini, mbona nipo?"

"Upo?" nilimwambia. "Panda basi ngazi zangu tatu bila kusimama, tukuone."

"Dada Bay, hili ni la ukoo. Wewe kashone."

"Nimeshona midomo ya watu wote mtaani, Hoanh, wa kwangu ndio nimeshindwa."

Hakucheka. Alimgeukia Khiem, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. "Mabamba tisa, mwanangu. Siku nne. Nikiyaacha, watu tisa wataniita mwizi mwaka mpya. Utaniacha niitwe mwizi?"

Khiem aliangalia mikono yake. "Kesho saa kumi na mbili nitakuwepo, mjomba," alisema.

Thoa alitoka nje akaenda kusimama kwenye maboksi yake ya mnanaa. Sikumwona akilia, lakini alikuwa anang'oa mnanaa pamoja na mizizi.

Nilimfuata. Akaniambia anataka kwenda kwa wakaguzi wa usalama kazini, lakini aseme nini? Walikwisha kuja kwa Hoanh Septemba, wakaonyeshwa karakana ya mbele na kaure halali, wakaondoka. Mabamba ya banda yana karatasi za kaure. Khiem atakana ili amfiche mjomba. Hana kitu cha kuwaonyesha.

Sasa sikilizeni aibu yangu.

Kile kipande cha birika, siku ile ya Oktoba nilipokiosha, nilikigeuza. Mgongoni kilikuwa na chapa ya kiwanda, herufi nyeusi, na yale maneno mawili ya jiwe la kiwandani. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini maneno yale mawili mwaka ule yalikuwa kila ukuta. Niliyasoma. Niliyaelewa. Nikakigeuza upande mzuri juu, nikaweka birika, nikamimina chai. Nilimshuku kila mtu mtaani isipokuwa mtu mmoja, ambaye alikuwa amesimama jikoni kwangu na ndala zangu miguuni.

"Ninacho cha kuwaonyesha," nilimwambia Thoa.

Nilimwambia yote, bei, vanishi, dirisha nililolifunga. Nilidhani atanipiga. Aliuliza tu: "Alikukatia kavu?"

"Kavu."

"Kwa sababu ya sakafu?"

"Kwa sababu ya sakafu."

Alirudi ndani bila kuniaga. Lakini asubuhi saa mbili unusu alikuwa mlangoni kwangu, amevaa nguo za kazini, na mimi nilikuwa nimekwisha kukifunga kipande kwenye taulo. Kilikuwa kizito. Tulikibeba wawili, kila mtu upande wake, mpaka kwenye gari.

Ofisini nilimwambia yule binti wa mapokezi kwamba nimekuja kushtaki, na wa kwanza ninayemshtaki ni mimi. Thoa akatafsiri. Wakaniita chumbani, wakakigeuza kipande, wakapiga picha chapa, wakaniuliza aliyeleta, lini, amekata wapi. Nilitaja. Mchana huo huo walifika bandani. Walimkuta Khiem kwenye bamba la tatu, mlango umefungwa, kitambaa usoni. Walikuta sita hayajaguswa, na karatasi za kaure zikabanduka kwa kucha.

Kaunta yangu waliing'oa siku mbili kabla ya Tet, waliichukua nzima kuwa ushahidi, watu wawili waliovaa kama wanaokwenda mwezini. Sikuizuia.

Msidhani Khiem alinishukuru. Siku tatu hakunisalimia. Alimwambia mkewe tumemvua nguo hadharani baba aliyemlea. Lakini siku ya nne Thoa alimpeleka kliniki, wakampiga picha mpya, na wakaiweka karibu na ile ya Machi ili aone mwenyewe. Makovu yalikuwa yameongezeka upande wa juu. Daktari alimwambia hayatapungua. Akiacha vumbi kabisa huenda yakaenda polepole, na huenda akaona mtoto wake akianza shule, kama watapata mtoto. Khiem alimuuliza: kama angeacha Machi? Daktari hakutaka kukisia. Thoa aliniambia neno la kwanza la mumewe garini lilikuwa kwamba anataka kulala chumba chao.

Hoanh ana kesi. Karakana imefungwa. Nasikia naye amekwenda kupimwa kifua. Majibu siyajui, na safari hii sijauliza.

Kila mwaka, asubuhi ya Tet, mtu wa kwanza kuvuka kizingiti chako ndiye anayekuletea bahati ya mwaka. Tunachagua mtu mwenye afya, mwenye mali, mwenye watoto. Mgonjwa hujizuia mwenyewe, anakaa kwake mpaka jioni ili asimtie mtu nuksi. Nyumbani kwangu miaka yote aliingia Hoanh. Mwaka huu nilikwenda mpaka mlangoni kwa Khiem saa mbili asubuhi, nikabisha hodi, nikabaki nje.

"Nataka wewe uingie kwangu wa kwanza," nilimwambia.

"Shangazi, mimi? Utapata mwaka mbaya."

"Mwaka mbaya niliutafuta mwenyewe Oktoba. Njoo."

Mlipita wengi asubuhi ile na bahasha zenu nyekundu za pesa za heri, na niliwazuia nyote uwanjani, mkanung'unika. Mnakumbuka. Mlikuwa mnamsubiri Khiem apande ngazi tatu. Alipanda ya kwanza. Kwenye ya pili alisimama, akashika nguzo, ile ile ngazi aliyokaa siku ya grinda. Nilisimama mlangoni nikasubiri, na nilikuwa tayari kusubiri mpaka jioni. Kisha akapanda ya tatu akaingia, akaona ubao wangu mtupu jikoni, akaupapasa kwa kiganja. Akasema umepinda kidogo, ataniletea randa aunyooshe, na mbao hazina shida akikata taratibu. Nikamwambia aache kama ulivyo.

FUNZO

Wapenzi wangu, sheria hii haikuletwa kutunyima jikoni nzuri. Ililetwa kwa sababu watu wamekwisha kuzikwa. Ukiuziwa bamba na muuzaji hataki uulize, uliza. Ukiona bei imeshuka kupita kiasi, jua kuna mtu anaimalizia kwa pumzi zake. Fundi akikuambia anahitaji maji, barakoa au muda, mpe, na sakafu yako iloe. Nawe fundi, ukipewa barua ya daktari, mpe mkeo aisome siku hiyo hiyo. Heshima kwa mkubwa aliyekulea ni kubwa, lakini haijafika mahali pa kumpa mapafu.

Na wewe unayependa kushuku kama mimi, usiache. Ila anzia kwako. Geuza vitu vya jikoni kwako uangalie mgongoni, kabla hujanusa shati la jirani. Kama ningekisoma kipande kile kwa sauti siku ile ya Oktoba, Khiem angekuwa ameacha miezi mitatu mapema. Sijui ni ngazi ngapi hizo. Namwona kila asubuhi akizipanda za kwake, na ninazihesabu.